Yunisi, Chukua Vitabu Hivi Viwili

Yunisi, mke mwenzangu,

Mkono unaoandika hapa ni wa Mama Damari, mke wa katekista, lakini maneno yote ni yangu. Nimemwambia akipunguza hata moja nitajua, ingawa herufi sizijui. Amecheka. Nimemwambia mimi sicheki. Basi ameacha kucheka, tumekaa uani upande wa kivuli, yeye na daftari, mimi na ungo wa karanga, na wewe umekwenda kwa shangazi yako kuaga. Kesho asubuhi lori litapita hapa Mkiwa, utapanda, utashuka Manyoni, utaingia kwenye treni mpaka Dodoma kujifunza kazi ya hospitali. Miaka mitatu.

Mambo ya kufua, kula na kuamka mapema sikuandikii. Hayo unayajua, na usiyoyajua watakufokea ukayajua. Jana uliniuliza jambo moja tu. Ulikuwa umepiga magoti mbele ya sanduku, ukasema, "Bibi, limejaa. Vitabu vyangu sita haviingii. Nichukue vipi?"

Nikakujibu vibaya. "Mimi nitajuaje habari za vitabu? Chukua unavyotaka." Ukaendelea kukunja gauni lile la bluu. Nilijibu hivyo kwa sababu safari yako ilikuwa inaniuma, na mimi nikiumia hutoka ukali, unanijua. Leo nakujibu kama inavyotakiwa. Ila jibu hili lina jambo jingine nyuma yake, na jambo hilo nimelificha tangu mwezi wa mavuno. Nitalifikia. Usiruke mistari kwenda kulitafuta, soma kama ulivyokuwa ukinisomea mimi, toka juu mpaka chini.

Mtu akisikia kwamba bibi kizee asiyejua hata kuandika jina lake anachagua vitabu vya mapenzi, atacheka mpaka aanguke. Acha acheke. Miaka sita umenisomea. Ulianza ukiwa na miaka kumi na mitatu, uliporudi kutoka shule ya misheni na kitabu cha kwanza umekificha ndani ya kanga kama mtu aliyeiba yai. Nikadhani ni jambo baya. Nikasema, "Leta hapa. Nisomee nisikie uchafu wenyewe." Ukasoma. Mimi nabangua karanga, wewe unasoma, na uchafu nausubiri, hauji. Kijana anamwona msichana kanisani. Kijana anashindwa kumsalimu. Kijana anarudi nyumbani hali chakula. Nikakuuliza, "Huyo mwanamume hana ng'ombe wa kukamua?" Ukasema, "Bibi, ngoja basi!" Nikangoja. Nimekuwa nikingoja hivyo miaka sita, na sijachoka.

Unakumbuka jinsi majirani walivyoanza kuja na kazi zao mikononi? Huyu na mtama wake wa kupepeta, yule na ukindu wake. Mama Damari hapa anasema naye aandikwe, kwamba alikuwa akija na mtoto mgongoni. Haya, ameandikwa. Wote tulikuwa tunagombana na vitabu. "Asikubali!" "Mwongo huyo, tazama anavyotoa salamu!" Na wewe katikati, sauti imekauka, unaomba maji.

Sasa sikiliza nilichojifunza mimi kwa masikio, kwa kuwa macho yangu hayakupata bahati hiyo.

Wale wa misheni waliokuuzia vitabu walikuambia vyote ni safi. Kwao kitabu safi ni kile ambacho hakuna mtu anayemgusa mwenzake, kila sura ina sala, na mwisho kuna harusi. Mimi sikubaliani nao. Kile chenye jalada jekundu, cha yule bwana mwenye kofia na motokaa, hakuna mtu anayeshika hata kidole cha mwenzake, na wanapiga magoti kila mara mpaka nikadhani wamechoka miguu. Lakini ni kichafu. Yule msichana alijifanya mgonjwa wa kufa ili aone kama bwana atalia. Bwana akalia, akaanguka, akazimia, na mwandishi akaita jambo hilo mapenzi. Nilikuambia siku ile, na leo narudia: mtu anayemdanganya mwenzake ili ampime hampendi, anamwinda. Hicho kiache. Tena usimpe mtu. Chana karatasi zake, tia chooni.

Kisha kuna kile chembamba ambacho mlikililia wewe na shangazi yako, wanapopotezana sokoni. Sikulia. Ndani ya kitabu kile hakuna anayefanya kazi. Hakuna anayelima, hakuna anayepika, chakula kinakuja mezani chenyewe. Watu wasiotoka jasho wakisema wanapendana, mimi siwezi kujua kama ni kweli, kwa sababu sijawaona wakiwa wamechoka. Mtu mchukue akiwa amechoka, ana njaa, mvua imemnyeshea, ndipo umsikilize anavyomwita mke wake. Hicho mwachie Mama Damari, yeye anakipenda. Anasema si kweli. Anaandika huku anatabasamu.

Chukua kile cha fundi cherehani. Kile ni kizuri. Fundi anampenda binti wa mjane, na hana la kusema, basi anashona. Anashona sare za shule za wadogo wa binti huyo bila kuagizwa. Halafu wanagombana, unakumbuka? Fundi anamsingizia binti jambo ambalo hakulifanya, mbele ya watu. Na mwandishi hakumwacha fundi aende zake kulia peke yake njiani, alimrudisha pale pale, mbele ya watu wale wale, akasema, "Nilisema uongo." Mimi ulipofika hapo niliweka ungo chini. Nilikuwa sijapata kusikia mwanamume akisema maneno hayo, iwe kitabuni au nje ya kitabu. Katika vitabu vyako vyote, ukurasa ule ndio sala ya kweli, ingawa Mungu hatajwi.

Na chukua kile cha yule mwanamke wa kisimani, kinachoanza baada ya harusi. Wenzako hawakukipenda, walisema hakina utamu. Ni kweli hakina utamu, kina chumvi. Mume yuko mbali, wifi yake anamchukia, anaomba Mungu na Mungu hajibu. Vile vingine Mungu anajibu upesi mno, kama karani anayeogopa kufukuzwa kazi. Katika hiki anaomba mwaka mzima, kimya. Mpaka siku wifi anavunjika mguu, na yeye anambebea maji, na katikati ya njia, ndoo kichwani, anagundua kwamba hana tena hasira. Ndiyo hivyo tu. Hakuna malaika. Mimi nimeomba kwa namna ile, najua.

Basi ni viwili hivyo; vile viwili nisivyovitaja nitakutunzia. Lakini mambo mengine vitabu hivyo havikuambii, hata vile vizuri, na hapa ndipo naanza kusema habari zangu.

Unajua juu ya barua za babu yako. Wewe ndiye uliyeziona, ndani ya kopo juu ya dari, ukashuka nazo na vumbi mpaka kwenye nyusi, "Bibi, hizi ni nini?" Nikakuambia ni barua za mbuzi na mvua. Ukafungua moja, ukasoma kimya kwanza. Kisha ukanitazama namna ambayo sikuipenda. Ukasema, "Bibi, kaa chini."

Mama Damari hajui jambo hili, basi nalisema tena ili aelewe anachoandika. Babu yako alikwenda kwenye mashamba ya mkonge, kibarua wa mkataba, manamba, miaka minne. Alijua kuandika kidogo, herufi kubwa kama punje za mahindi. Alipoondoka tulikubaliana kwamba barua zitasomwa na mwalimu wa kanisani, mzee mmoja mgeni, mpole. Babu yako akaondoka na imani hiyo. Haukupita mwezi mwalimu yule akahamishwa, akaletwa mwingine, kijana wa ukoo wa mume wangu. Kwa hesabu ya ukoo alikuwa ndugu wa baba mkwe wangu. Kwa hiyo naye alikuwa mkwe wangu.

Ninyi wa siku hizi mnasalimiana na wakwe zenu mkiwa mnacheka. Sisi mkwe na mke wa mwanawe hawakutazamana usoni. Nikimwona njiani naingia porini, naye anageuza kichwa. Sasa huyo ndiye peke yake aliyejua kusoma, kilima hiki, kile, na kile cha mbele. Nikipeleka barua, naiweka juu ya jiwe mlangoni, narudi nyuma hatua kumi. Anaichukua, ananipa mgongo, anasoma. Nasikia sauti tu. "Anasema ni mzima. Anauliza mvua. Anasalimu wote." Anainama, anairudisha juu ya jiwe. Basi.

Kumbe katikati ya uzima na mvua kulikuwa na maneno. Ulinisomea wewe, miaka mingi tayari babu yako yuko kaburini. "Mwambie mke wangu jana nilisikia mwanamke akicheka nyuma ya kambi, nikageuka, nikadhani ni yeye. Nikasimama pale mpaka wenzangu wakanicheka." Mkwe angewezaje kulitamka hilo mbele yangu? Lingemwunguza mdomo. Alikuwa mtu mwema, simlaumu, na nimemwombea. Aliona haya tu. Aliyaruka maneno kama mtu anavyoruka mahali penye miba.

Na mimi nikajibu. Namsemesha mgongo wake: "Mwambie mbuzi amezaa. Mwambie ukuta wa nyuma umebomoka." Nilitaka kusema na mengine, nilikuwa kijana, nilikuwa na mengine mengi. Lakini utamwambiaje mkwe? Barua moja ya mwisho mwisho babu yako aliuliza, umenisomea mwenyewe, "Je, maneno yangu yanakufikia?" Siku ile kijana yule alisoma, "Anauliza kama barua zinafika." Nikasema, "Mwambie zinafika."

Mwambie zinafika! Yunisi, nimezeeka na jambo hilo kifuani.

Lakini hilo unalijua. Ambalo hulijui ni hili. Ndani ya kopo lile, pamoja na barua, ulikuta ukurasa mmoja wa kitabu, umekunjwa, una madoa ya mafuta. Uliniuliza, "Huu umetoka kitabu gani?" Nikasema sijui. Nilijua sana.

Babu yako aliporudi kutoka mkonge aliniletea kitabu. Wenzake walirudi na blanketi, sufuria, taa za chemli. Yeye akanitolea kitabu kwenye mfuko, kitabu cha hadithi, kilikuwa na picha ya mwanamume na mwanamke wamesimama kwenye geti. Akasema, "Nitakusomea. Mle ndani kuna maneno ambayo nilitaka…" Sikumwacha amalize. Miaka minne nimepokea mvua na mbuzi, halafu ananiletea karatasi! Nikasema, "Wenzako wameleta sufuria." Akakiweka juu ya mtungi, akaenda kuangalia ukuta uliobomoka.

Mimi wakati ule nilikuwa nauza karanga za kukaanga pale barabarani, malori yakisimama. Karatasi za kufungia zilikuwa shida. Nikachana kitabu kile. Ukurasa mmoja, karanga kiganja kimoja, nasokota chini, nafunga juu. Nilikianza nyuma, nikiwa na hasira, na siku ya tatu hasira zilikuwa zimeisha lakini karatasi zilikuwa bado zinafaa. Babu yako akaja barabarani kunichukua. Dereva mmoja alikuwa ameegemea lori lake anakula. Babu yako akasimama, akatazama mkono wa dereva. Akamwendea. Akasema, "Ndugu yangu, ukimaliza karanga, nipe karatasi." Dereva akacheka, "Wewe nawe! Karatasi tupu utakula?" Akampa. Babu yako akaikung'uta chumvi, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati. Akabeba kikapu changu. Tukarudi nyumbani. Hakusema neno juu ya kitabu kile siku ile wala siku nyingine yoyote, na tuliishi pamoja miaka ishirini na sita baada ya hapo.

Hatukuishi vibaya. Tulilima, tulizaa mama yako, tulimwoza, tulimzika, tukakupokea wewe ukiwa hujaota jino. Hakunipiga, sikumtukana. Lakini tulikuwa kama watu wawili waliopangwa chumba kimoja na mtu asiyewajua. Yeye hakuuliza ni nani aliyenisomea; alidhani nilipata maneno yake yote nikayajibu kwa habari za ukuta. Mimi nilidhani hakuwa na maneno. Nilijua alikuwa nayo siku ile uliponiambia nikae chini, na hapo nilikuwa sina mtu wa kumwambia samahani.

Nimesema hayo yote ili nikifika hapa usije ukaniambia kwamba sikujua nilichokuwa nafanya. Nilijua. Hakuna mtu katika nchi hii yote aliyekuwa anajua kuliko mimi.

Lazaro alileta maneno. Sikuyafikisha.

Mama Damari ameinua kalamu. Nimemwambia aishushe aandike.

Ilikuwa wakati wa mavuno, wewe ulikuwa umekwenda zahanati na mtoto wa jirani. Lile paa la shule lilikuwa linakaribia kwisha, na yeye ndiye fundi seremala wake, nawe ulikuwa umekwisha kuniambia mara mbili, "Bibi, Lazaro ananitazama tu. Hajaniambia hata neno moja. Vijana wa vitabuni husema." Nikakujibu, "Basi labda hana la kusema." Ona mdomo wangu ulivyo.

Akaja mchana, ameshika kofia, ana vumbi la mbao mpaka kwenye kope. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Yunisi hayupo."

"Najua hayupo. Ndiyo maana nimekuja sasa. Mbele yake ulimi unakuwa gogo."

Nikampa kigoda. Hakukaa. Nikasema, "Kama umekuja kusimama, simama. Sema."

Akasema, na haya nayasema kama alivyosema, nimeyarudia kila siku nikiwa shambani nisije nikayasahau: "Bibi, mimi maneno ya vitabuni sina. Mwambie kwamba ile kazi ya paa nilikuwa naigonga polepole ili isiishe. Msimamizi amenifokea mara mbili, mpaka watoto wa shule wananiita kinyonga. Mwambie sitaki aache masomo. Aende, asome miaka yote mitatu, mimi sina haraka. Nimepata kiwanja kwetu Shelui, nitajenga. Kuta nitazisimamisha, paa nitaweka. Dirisha sitaweka. Nitaacha ukuta mzima mpaka aje mwenyewe aseme anataka litazame wapi. Akisema hapana, nitatoboa mwenyewe upande wowote, wala sitamchukia. Lakini anijibu kwa mdomo wake, au aniandikie, nijue. Mwambie naogopa. Hilo la kuogopa, bibi, usilisahau."

Nikasema, "Nimesikia."

Akasema, "Asante bibi," akatoka, akajigonga kichwa kwenye mlango wetu kwa kuwa ni mrefu, akauomba radhi mlango.

Uliporudi jioni nilikuwa nakoroga mboga. Nikasema, "Lazaro alipita. Anasalimu."

Ukauliza, "Ni hayo tu?"

Nikasema, "Ni hayo tu."

Yunisi, yule mkwe wangu alikuwa na sababu. Mila ilikuwa imemshika koo. Mimi nilikuwa na nini? Mimi ni bibi yako. Kwetu bibi na mjukuu hawaoneani haya hata kidogo, nimekuita mke mwenzangu tangu unatambaa, nimekutania habari za waume mbele ya mchungaji akafumba macho. Mila yenyewe ilikuwa inaniambia niseme. Hakuna mtu aliyenifunga mdomo. Niliufunga mwenyewe.

Sababu ni Shelui. Shelui ni mbali, Yunisi. Ni Singida mjini kwanza, halafu mbele tena, lori mpaka lori. Nilikuwa nimepanga kichwani, na sikukuambia: utamaliza uuguzi, watakuleta zahanati ya hapa, utakuwa unarudi jioni na nguo nyeupe, na tutakaa hapa uani, unisomee. Ndivyo nilivyopanga uzee wangu. Halafu kijana mmoja mwenye vumbi akasimama mlangoni na kiwanja cha Shelui mdomoni. Nikayala maneno yake. Sikuyapunguza kwa haya kama yule mwenzangu, niliyala kwa ulafi.

Na sikuishia hapo. Paa lilipokwisha alikuja kuaga. Ulikuwa ndani, unaosha mabakuli, ungeweza kumsikia kama angepaza sauti. Hakupaza. Akaniuliza, "Bibi, amesemaje?"

Nikasema, "Hajasema kitu."

Ilikuwa kweli, siyo? Hukuwa umesema kitu. Ungesemaje? Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepima ubao na kuona haufiki. Akasema, "Basi nimwachie heri." Ukatoka ndani ukasema, "Alikuwa nani?" Nikasema, "Watu wa shule." Juma la pili yake nikasikia amekwisha kurudi kwao.

Sijui anadhani nini sasa. Labda bado ukuta ni mzima. Labda ametoboa dirisha, au amemfungulia mlango msichana mwingine, ni kijana, na alijibiwa kimya. Kama ni hivyo mimi ndiye nimefanya, na sitasema ni mapenzi ya Mungu. Watu hupenda kumpelekea Mungu vitu walivyovivunja wenyewe.

Wala sikuambii umpende. Hilo silijui. Inawezekana ungesikia maneno yake yote ukasema hapana, una haki. Unaweza kusoma miaka yako mitatu ukaona watu wengine, ukaona kwamba fundi wa Shelui si wako. Mimi siye wa kukuchagulia, nimekwisha kuonyesha jinsi ninavyochagua. Ila ulikuwa na haki ya kusikia. Umemkataa mtu ambaye hujamsikia, kwa sababu mimi nilisimama katikati.

Ni kitu kimoja tu nitakachokuambia juu ya vijana wa vitabuni. Yule mwandishi aliyewatia maneno mdomoni alikuwa amekaa kwenye kiti, ana muda, anafuta na kuandika tena. Lazaro alikuwa na siku moja, mbele ya kizee mkali, na kofia mkononi, na hakufuta neno. Ukisoma kile cha fundi cherehani huko Dodoma, na ufike pale ambapo fundi anarudi mbele ya watu kusema alisema uongo, usimfikirie Lazaro. Hajasema uongo wowote. Nifikirie mimi.

Ukitaka kumjibu, liwe ndiyo au hapana, andika mwenyewe. Usimtume mtu, hata awe rafiki wa kunywa naye uji kikombe kimoja, hata awe mchungaji. Una mkono, una kalamu, umepewa kitu ambacho mimi ningekinunua kwa ng'ombe wote niliowahi kuwaona. Wenye malori wote wanamjua pale Shelui, Lazaro fundi seremala, mrefu. Barua itafika. Na akijibu, soma peke yako.

Mimi nitakuwepo. Usianze kunifikiria nikiwa nimekaa hapa nimeinama, sipendi. Nina karanga, nina kuku, nina Mama Damari anayejidai hapendi kile kitabu chembamba. Lakini sitakudanganya tena leo, nimedanganya vya kutosha: nyumba itakuwa kubwa. Tayari imekuwa kubwa tangu ulipotoa sanduku chini ya kitanda. Jana nilikuita unisomee, wewe ukiwa uani, na nikashindwa kumaliza jina lako kwa kuwa nilisikia jinsi nitakavyoliita juma lijalo na asije mtu. Hiyo ni yangu, nitaibeba. Nilikuwa nataka kukubebesha wewe na Lazaro, ndilo kosa.

Nilifikiri nikupe barua hii kesho, wakati lori limekwisha kuwashwa, ili uisome mbali, na hasira zako zinikute nikiwa sizioni. Mama Damari naye alisema hivyo ndivyo vizuri, usije ukasafiri na moyo umevurugika. Nimekataa. Hiyo ingekuwa kukupa mgongo na kuweka karatasi juu ya jiwe. Nitakupa mkononi leo hii, ukirudi kwa shangazi yako, kabla hatujala, jua likiwa bado lipo.

Soma yote. Ukimaliza, nitakuwa jikoni. Njoo unikasirikie hapa, ukiwa bado nyumbani, ambapo naweza kukutazama usoni.